Kabla Hujaachana na Nywila ya Pochi Yako ya Kripto, Jiulize: Nani Anajua Loki ya Simu Yako?



Kama una akaunti ya kripto kwenye simu, iwe ina dola 20 au dola 2,000, kuna siku utafungua programu yako na itakuuliza kama unataka kuanza kutumia Passkey. Kuna kitufe cha kukubali na kitufe cha kuahirisha. Wengi wanaahirisha kwa sababu hawajui ni kitu gani. Wengine wanakubali haraka haraka kwa sababu wamechoka kukumbuka nywila. Wote nawaomba msome hii mpaka mwisho, hasa huyo wa pili.

Jibu fupi ni hili: hiyo kitu, ambayo hapa tutaiita pasikii, ni nzuri na uiweke. Ila ukishaiweka, hela yako haikai tena nyuma ya neno lililopo kichwani mwako. Inakaa nyuma ya loki ya simu yako. Na sisi wenye maduka, loki za simu zetu zinajulikana na watu wengi kuliko tunavyodhani. Kijana wa dukani anaijua kwa sababu anapokea malipo ukiwa umetoka. Mtoto anaijua kwa sababu ya gemu. Fundi aliyekubadilishia kioo anaijua, ulimwandikia mwenyewe kwenye karatasi. Hapo ndipo penye kazi yetu ya leo.

Neno moja la sheria kwanza. Hapa Tanzania, Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwa umma kwamba sarafu hizi hazikubaliki kisheria nchini. Baadaye Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa hiyo sikwambii ununue kripto, na kama unafanya kiasi kikubwa muulize mtu wa kodi. Naongea na yule ambaye tayari anayo. Kuna wadau wanalipwa na wateja wa nje kwa USDT, kuna wengine wameweka akiba humo. Huo ni mtaji, na mtaji unalindwa.

PASIKII NI NINI HASA?

Fikiria muhuri wa duka lako. Ukiandika risiti, unagonga muhuri. Mtu anayekufahamu akiuona anajua kweli imetoka kwako.

Unapotengeneza pasikii, simu yako inatengeneza vitu viwili: muhuri, na sampuli ya muhuri. Sampuli inapelekwa kwa kampuni ya kripto. Muhuri wenyewe haupelekwi kwao. Siku ukitaka kuingia, kampuni inakutumia karatasi mpya yenye namba ambazo hazijawahi kutumika. Simu inagonga muhuri kwenye karatasi hiyo, inairudisha. Kampuni inalinganisha na sampuli iliyonayo. Ikilingana, umeingia. Yote hayo yanaisha ndani ya sekunde mbili tatu, wewe unachokiona ni kuweka kidole tu.

Tofauti na muhuri wa mtaani ni kwamba huu fundi hawezi kukuchongea kwa kuangalia sampuli. Hata wezi wakivunja kompyuta za kampuni wakabeba sampuli zote, hawapati cha kugongea.

Na kidole chako je? Kidole hakitumwi popote. Kidole kinaiambia simu yako tu, "mwenye muhuri ni mimi, fungua droo." Ndiyo maana hata PIN ya simu inafanya kazi ile ile. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Kitu hiki hakikuja juzi. Nywila za kompyuta zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye chuo cha MIT kule Marekani, na hazikukaa muda mrefu kabla hazijaibiwa: mwaka 1962 mtafiti mmoja pale pale chuoni, Allan Scherr, aliichapisha orodha nzima ya nywila kwenye karatasi ili apate muda zaidi wa kutumia kompyuta. Yaani tatizo lina umri wa wazee wetu. Mei 2022 ndipo Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja kwamba wataiweka pasikii kwenye vifaa vyao vyote. Toka hapo kampuni kubwa za kripto nazo zikaanza kuiweka, Binance na Coinbase zikiwemo.

KWA NINI NYWILA NA NAMBA YA SMS HAZITOSHI?

Wengi mnasema, "Mimi nina nywila ngumu halafu inanijia namba kwenye SMS, nipo salama." Tuone mwizi anavyopita.

Njia ya kwanza ni ukurasa wa uongo. Unatumiwa linki kwamba akaunti yako itafungwa leo saa kumi. Unabonyeza, unakuta ukurasa unafanana kila kitu na ule wa kampuni, rangi, nembo, mpaka kitufe. Jina la juu limeongezwa kistari kimoja tu au herufi moja. Unaandika nywila. Mwizi anaipokea upande wa pili na kuiweka kwenye ukurasa wa kweli papo hapo. Kampuni inakutumia namba kwenye SMS, nayo unaiandika kule kule kwa mwizi. Kwisha habari.

Pasikii inakata njia hii kabisa. Muhuri wako umefungwa na jina la tovuti ulikoutengenezea. Ukurasa wa uongo ukiomba, simu inatafuta muhuri wa jina hilo haiupati. Wewe unaweza kudanganyika na rangi na nembo, simu haiangalii rangi.

Njia ya pili ni kubadilishiwa laini. Mwizi anakwenda kwenye duka la simu na kitambulisho cha kughushi, anasema yeye ni wewe, amepoteza simu. Anapewa laini mpya yenye namba yako. Yako inakata mtandao, na SMS zote zinaingia kwake. Usidhani wanaibiwa watu wasiosoma peke yao. Tarehe 9 Januari 2024 akaunti ya X ya SEC, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, ilitekwa kwa njia hii hii. Wezi walipata namba ya simu iliyounganishwa na akaunti, wakabadilisha nywila, wakatangaza uongo kwamba mifuko ya Bitcoin imeruhusiwa. Bei ya Bitcoin ilipanda zaidi ya dola 1,000 kabla ya kuporomoka tena. Kijana aliyekwenda dukani Alabama na kitambulisho cha kughushi kuchukua laini alihukumiwa Mei 2025 kwenda jela miezi 14. Kama namba ya simu ya taasisi kama ile ilichukuliwa kaunta, yako na yangu ni kazi ndogo.

Pasikii haiji kwa SMS. Mwizi akichukua laini yako, amepata laini. Muhuri hajaupata.

Njia ya tatu ni simu ya "huduma kwa wateja". Anakupigia mtu ana sauti nzuri, anajua jina lako kamili, anakwambia kuna mtu anajaribu kutoa hela zako, mtajie namba iliyoingia sasa hivi akusaidie kuzuia. Ukiwa na pasikii huna namba ya kumtajia ya kuingilia. Ila hapa kinga sio kamili, nitaeleza mbele.

Tofauti kubwa na M-Pesa ni hii: ukikosea kutuma M-Pesa unaweza kupiga huduma kwa wateja ukaomba muamala urudishwe, na ukiwahi kuna matumaini. Kripto ikishathibitishwa kwenye mtandao wake hakuna wa kuirudisha. Hakuna kaunta, hakuna meneja. Ndiyo maana tunakaza mlango kabla.

MASWALI MATANO KABLA HUJABONYEZA KUKUBALI

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo palipo na uzito wote. Kaa chini, jibu kwa ukweli.

1. Nani anajua loki ya simu yako?

Nimesema PIN ya simu inafungua droo ya muhuri. Maana yake mtu yeyote anayejua patani yako, akiishika simu dakika mbili ukiwa umeenda kuswali au kupokea mzigo, anaweza kuingia kwenye pochi. Zamani alihitaji na nywila. Sasa hahitaji. Badilisha loki leo, kabla ya kuweka pasikii. Achana na patani ya herufi L au Z, alama ya mafuta ya kidole inabaki kwenye kioo. Weka PIN ya tarakimu 6. PIN ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa.

2. Ni vidole vya nani vimesajiliwa kwenye simu?

Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama, angalia alama za vidole. Utashangaa. Unakuta vipo vinne, viwili vyako, kimoja cha mdogo wako wa mwaka juzi, kimoja hukijui. Futa vyote, sajili vyako upya. Kufungua kwa uso nako kuwe kwa tahadhari, simu nyingi za bei ya chini zinatumia kamera ya kawaida tu ambayo haina ukali wa alama ya kidole.

3. Imeili iliyopo kwenye simu ni ya nani?

Hili swali ni la kwetu kabisa. Wangapi simu waliyonunua, muuzaji ndiye aliyewafungulia imeili? Alikuandikia jina, akaweka nywila anayoijua yeye, na wewe mpaka leo huijui. Sasa elewa: kwenye Android, pasikii kwa kawaida inahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Google, sehemu inayotunza manenosiri, ili ukinunua simu mpya ifuate. Kwenye iPhone inakaa iCloud. Kama akaunti ya Google iliyopo kwenye simu huijui nywila yake, siku simu ikiibiwa, muhuri wako umeondoka nayo. Tengeneza imeili yako mwenyewe, au badilisha nywila ya hiyo uliyonayo na uweke namba yako ya kurudishia akaunti. Bila hilo usiendelee.

4. Simu yako inaweza?

Android kuanzia toleo la 9, iPhone kuanzia iOS 16. Angalia kwenye Mipangilio, sehemu inayosema kuhusu simu. Hakikisha programu zako zimesasishwa kutoka Google Play yenyewe. Usipakue programu ya pochi kutoka kwenye linki uliyotumiwa WhatsApp, hata kama aliyekutumia ni shemeji.

5. Una kifaa cha pili?

Pasikii ya kifaa kimoja tu ni sawa na duka lenye ufunguo mmoja. Kifaa cha pili kinaweza kuwa simu nyingine yako, kompyuta ya nyumbani, au funguo ya usalama ya kuchomeka kama YubiKey, ambayo ni kidude kama flashi. Sio lazima leo leo, ila kama kilichopo ndani ni zaidi ya unachoweza kupoteza bila kulala njaa, tafuta.

Mimi dukani kwangu nimetenganisha. Simu ya kupokelea malipo ni moja, inakaa kaunta, kijana anaijua loki yake na haina kitu kingine. Simu yenye mambo yangu inakaa mfukoni. Simu ya pili ya bei rahisi ni gharama ndogo ukilinganisha na kinacholindwa.

JINSI YA KUIWEKA, HATUA KWA HATUA

Majina ya vitufe yanatofautiana kidogo kampuni na kampuni, ila njia ni moja.

Kwanza, chagua siku ambayo hauna malipo ya haraka. Baadhi ya kampuni zinazuia kutoa hela kwa saa 24 au zaidi ukibadilisha mambo ya usalama. Ni kwa faida yako, mwizi akiingia asiondoke nazo mara moja. Ila usijikute unadaiwa mzigo na hela imezuiwa.

Pili, fungua programu mwenyewe kutoka kwenye simu, usipitie linki. Ingia kwenye wasifu wako, tafuta Security, halafu Passkeys. Bonyeza kuongeza.

Tatu, itakuomba uthibitishe kwa njia za zamani, yaani nywila na namba. Ni mara hii tu, na ni kwa sababu wewe ndiye uliyeanza.

Nne, simu itakuonyesha pasikii inahifadhiwa kwenye akaunti gani. Simama hapo. Soma imeili iliyoandikwa. Ni yako? Unaijua nywila yake? Kama ndiyo, weka kidole, imeisha.

Tano, ipe jina litakalokusaidia baadaye, kama "simu nyeusi" au "kompyuta ya nyumbani." Siku ukiibiwa utajua ya kufuta ni ipi.

Sita, ijaribu. Toka kwenye akaunti kabisa, ingia tena kwa pasikii. Halafu rudia zoezi lote kwenye kifaa cha pili. Kumbuka pasikii ya iPhone haihamii Android yenyewe, kila upande unatengenezewa yake.

FUNGA NA MLANGO WA NYUMA

Sasa sikiliza hili kwa makini. Kuweka pasikii hakufuti nywila kwa kampuni nyingi. Ile njia ya zamani ya nywila na SMS bado ipo, imekaa pale pale kwa ajili ya siku ukikwama. Mwizi akikuta mlango wa mbele una chuma, anazunguka nyuma ambako kuna bati.

Kwa hiyo fanya haya. Kama kampuni inaruhusu, ondoa SMS kwenye njia za kuthibitisha, weka programu ya kutengeneza namba kama Google Authenticator. Nywila ya zamani ibadilishe iwe ndefu, ambayo hujawahi kuitumia Facebook wala popote. Na muhimu kuliko yote, imeili yako nayo iwekee pasikii, maana anayeshika imeili yako ndiye anayebonyeza "nimesahau nywila." Google wanaruhusu pasikii kwenye akaunti zao tangu Mei 2023, na ni bure.

Kuna mengine mawili ya dakika tano. Moja, weka PIN kwenye laini yenyewe ya simu, ili mwizi akiitoa na kuiweka kwenye simu yake isifanye kazi. Andika hiyo PIN mahali, ukikosea mara tatu itadai PUK. Mbili, zima SMS zisionekane maandishi yake wakati simu imefungwa. Namba ya siri inayosomeka juu ya kioo kilichofungwa siyo siri.

VIPI KUHUSU YALE MANENO 12?

Hapa watu wanachanganya sana, tunyooshe.

Aina ya kwanza ni akaunti kwenye kampuni, kama Binance. Kampuni ndiyo inashika sarafu, wewe una haki ya kuingia. Pasikii inalinda huko kuingia.

Aina ya pili ni pochi unayoishika mwenyewe, kama Trust Wallet au MetaMask. Ulipoifungua ulipewa maneno 12 au 24 ya Kiingereza, yamechukuliwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Hayo maneno ndiyo pochi. Anayeyajua anaifungua kwenye simu yoyote duniani bila kuhitaji kidole chako wala simu yako. Kuweka kidole kwenye programu ya aina hii hakuyaondolei maneno nguvu hata kidogo. Kama ulishayapiga skrinishoti na picha imekaa kwenye galari, basi aliyefungua galari yako ameshamaliza. Yaandike kwa kalamu, nakala mbili, sehemu mbili tofauti, mbali na duka. Usimtajie yeyote anayejiita huduma kwa wateja. Hakuna kampuni ya kweli inayoyaomba.

Aina ya tatu ni mpya. Mwaka 2024 Coinbase walileta pochi ambayo haikupi maneno unapoanza, pasikii yenyewe ndiyo ufunguo wa pochi. Inapendeza kwa urahisi wake. Ila maana yake ukiipoteza pasikii na hukuweka njia ya akiba, hakuna wa kumlilia. Ukitumia aina hii, kifaa cha pili na njia ya akiba sio hiari.

Kama unaona nakuza mambo, kuna mtaalamu wa kompyuta anaitwa Stefan Thomas, yupo San Francisco. Ana bitcoin 7,002 ambazo ufunguo wake upo kwenye flashi ya IronKey inayokupa nafasi 10 za kukisia nywila. Karatasi aliyoandika nywila ilipotea. Kufikia Januari 2021 alishatumia nafasi 8. Hakuna aliyemuibia. Alikuwa na karatasi moja tu, basi.

SIMU IKIIBIWA LEO, UNAFANYA NINI?

Simu inaporwa kwenye bodaboda, inachomolewa sokoni. Usisubiri siku hiyo ndiyo uwaze. Fuata mpangilio huu:

Ya kwanza, azima simu ya mtu unayemuamini, ingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea, ifunge, na ikibidi ifute kila kitu. Hapa ndipo utashukuru kuijua nywila ya imeili yako. Ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako kwenye simu hiyo ya kuazima.

Ya pili, piga kampuni ya simu wafunge laini.

Ya tatu, kwa kutumia kifaa chako cha pili, ingia kwenye akaunti ya kripto, futa pasikii ya simu iliyoibiwa. Kama huna kifaa cha pili, tumia sehemu ya kusimamisha akaunti kwenye tovuti yao.

Ya nne, ukipata simu mpya, ingia kwenye Google. Pasikii zako zipo zimefungwa humo, na ili zifunguke itakuuliza PIN ya simu ile ya zamani au PIN maalumu uliyoweka kwenye sehemu ya manenosiri. Kwa hiyo hiyo PIN ya tarakimu 6 usiisahau kwa sababu tu ulikuwa unatumia kidole kila siku. Ukikosea mara nyingi nayo inafunga.

AMBAYO PASIKII HAIYAWEZI

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Kuna vitu vitatu pasikii haivizuii.

Haikuzuii wewe mwenyewe kutuma hela. Mei 2025 Coinbase walitangaza kwamba wahalifu waliwahonga baadhi ya wafanyakazi wa huduma kwa wateja walioko nje ya Marekani, wakapata majina, namba za simu na taarifa za wateja. Nywila hazikuchukuliwa. Hawakuzihitaji. Mpango wao ulikuwa kuwapigia wateja wakijifanya ni Coinbase na kuwashawishi wahamishe sarafu wenyewe. Waliomba kampuni iwalipe dola milioni 20, kampuni ikakataa. Somo kwetu ni kwamba mtu kujua jina lako, namba yako na salio lako haimaanishi anatoka kampuni. Akikwambia hamisha kwenda "pochi salama," kata simu.

Haizuii kampuni yenyewe kuanguka. Wateja wa FTX Novemba 2022 walikuwa na nywila zao na namba zao sahihi, kampuni ikafilisika. Usiweke mtaji wote wa duka mahali pamoja.

Na haizuii mtu wa karibu anayejua loki yako. Ndiyo maana nimeanza na swali lile.

Ukiwa na nusu saa jioni ukishafunga hesabu, fanya kwa mpangilio huu: badilisha PIN ya simu, futa vidole vya watu, hakikisha imeili ni yako, weka pasikii kwenye imeili, halafu ndiyo uweke kwenye pochi. Ukianzia mwisho umeweka geti la chuma kwenye uzio wa makuti.

Na kijana wa dukani akikuuliza mbona umebadilisha loki, mwambie ukweli tu, simu ya kazi ile pale kaunta, hii ina mambo ya nyumbani. Hatakasirika. Na siku kikipotea kitu hatakuwa wa kwanza kutiliwa shaka, kwa hiyo unamlinda na yeye.

Kuna mdau unamjua anashika kripto na simu yake inafunguliwa na kila mtu pale dukani? Mtumie hii aisome leo kabla hajabonyeza kukubali. Biashara njema.